Hugo Alfvén na Sikukuu za Nuru za Uswidi

Katika nchi ya Uswidi, kati ya siku ya mwisho ya Aprili na ule usiku wa Juni usiokuwa na giza la kutosha kumsitiri mwizi, zimo sikukuu tatu ambazo watu wa huko huzingoja kwa shauku kubwa: ya kwanza ni mkesha wa Valborg, wa mioto mikubwa na nyimbo za wanafunzi, ya pili ni tarehe 6 Juni, siku ya bendera na ya taifa, na ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote katika nyoyo zao, ni Midsommar, sikukuu ya kilele cha majira ya joto, ambapo mlingoti uliovikwa majani na maua husimamishwa katika uwanja wa kijiji na watu wakaucheza kwa kuuzunguka hata alfajiri. Mtu azifuataye sikukuu hizo kwa masikio zaidi kuliko kwa macho hakosi kuikuta katika kila moja kazi ya mtunzi mmoja wa muziki, naye ni Hugo Alfvén, aliyezaliwa Stockholm tarehe 1 Mei 1872, siku inayofuata mkesha wa Valborg, akaishi miaka 88 kamili na siku chache juu yake.

Wageni wengi, na Waswidi wenyewe si haba, hudhani kwamba sauti wazisikiazo katika sikukuu hizo ni urithi wa kale usiojulikana asili yake, uliopokezanwa na wakulima kizazi baada ya kizazi. Tarikhi yasema vingine. Sehemu kubwa ya urithi huo ilikusanywa, ikasafishwa na kutiwa nakshi katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja, na walioifanya kazi hiyo aghalabu walikuwa watu wa mjini, waliokwenda shamba kama waendavyo wageni, wakastaajabu, wakarudi na hazina mikononi. Alfvén alikuwa mmoja wao, na rai yangu ni kwamba ugeni wake, ambao baadhi ya watu wangependa kuusahau, ndio uliomsaidia kusikia kile ambacho mwenyeji hakisikii tena kwa kukizoea.

Lakini haifai kuingia katika habari za mtunzi kabla ya kuieleza nuru yenyewe, maana sikukuu hizi zote ni watoto wake. Msomaji aliyezaliwa karibu na Ikweta, ambako jua huchomoza na kuchwa saa zile zile karibu mwaka mzima, hata watu wakaijenga hesabu ya saa zao juu ya kawaida hiyo, yambidi aifikirie nchi ambayo mchana wa Desemba katika mji wake mkuu hauzidi saa 6 ila kwa dakika chache, na mchana wa Juni hupita saa 18. Zamani za Alfvén, kabla ya desturi ya kuzisogeza saa mbele wakati wa joto kuwa amri, jua la Stockholm katika kilele cha Juni lilikuwa likichwa baada ya saa tatu usiku na kuchomoza kabla ya saa tisa, na baina ya nyakati hizo mbili anga lilibaki na weupe mwembamba unaomwezesha mtu kuutambua uso wa mwenziwe; na huko kaskazini ya mbali jua lilikuwa halichwi kabisa.

Hapo, katika kilele hicho cha nuru, Kanisa liliiweka sikukuu ya kuzaliwa kwake Yohana Mbatizaji, tarehe 24 Juni, miezi 6 kamili kabla ya mkesha wa Krismasi. Wakulima waliipokea sikukuu ya Kanisa, wakaongeza na mambo yao: mlingoti, ambao wengi wa wanahistoria husema kwamba desturi yake ilitoka Ujerumani mwishoni mwa Zama za Kati, viazi vichanga vya kwanza vya mwaka pamoja na samaki wa heringi waliolowekwa katika siki, kileo kikali cha vikombe vidogo, ambacho hakinywewi pasi na wimbo mfupi wa kukisindikiza, stroberi kwa malai, na wasichana waliochuma maua ya aina 7 bila ya kutamka neno, wakayaweka chini ya mto usiku ili wamwone katika ndoto atakayewaoa. Serikali iliihamisha sikukuu hiyo mwaka 1953 ikaifanya iangukie Jumamosi iliyo kati ya tarehe 20 na 26 Juni, mkesha wake ukawa Ijumaa, jambo lililowafaa sana wenye viwanda. Lakini katika ujana wa Alfvén mkesha ulikuwa tarehe 23 bila ya kubadilika, hata ikiwa ni katikati ya juma.

Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, maisha ya vijiji yaliyoizaa sikukuu hiyo yalikuwa yakimomonyoka. Viwanda viliwaita vijana mijini, na meli ziendazo Marekani ziliwachukua, tangu katikati ya karne ile hata miaka ya 1920, zaidi ya watu milioni moja kutoka taifa dogo. Ndipo ikazuka miongoni mwa wasomi na wasanii ghera ya kuyahifadhi yale yaliyokuwa yakipotea. Artur Hazelius, mtu wa Stockholm, alifungua mwaka 1891 katika kisiwa cha Djurgården makumbusho ya uwanjani yaitwayo Skansen, ambako nyumba za wakulima zilizobomolewa katika majimbo ya mbali zilisimamishwa upya, na sikukuu za mwaka zikaadhimishwa mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Mchoraji Anders Zorn, mzaliwa wa Mora katika jimbo la Dalarna, alichora mwaka 1897 picha ya ngoma ya Midsommar ambayo leo hakuna Mswidi asiyeijua, na mwaka 1906 akaandaa huko Gesunda mashindano ya wapiga ala wa vijijini, kwa khofu kwamba mahadhi yao yangezikwa pamoja nao. Katika hewa ya namna hiyo ndimo alimokulia mtunzi wetu.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, tena mpenzi wa kuimba. Mtoto aliingia katika chuo cha muziki cha Stockholm mwaka 1887, naye ana miaka 15, akasomea fidla, na kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa akipiga fidla katika okestra ya Opera ya Kifalme, mahali ambapo kijana mwenye masikio hujifunza siri za ala zote kwa kuketi katikati yake kila usiku. Alikuwa na kipaji kingine, cha kuchora kwa rangi za maji, wala hakupata kukiacha maisha yake yote. Na wasikilizaji wa muziki wake wamekuwa wakisema tangu zamani kwamba rangi za mchoraji zimo ndani ya okestra yake, neno ambalo husemwa juu ya watunzi wengi bila ya haki, lakini juu yake ni la haki. Mapenzi yake ya tatu yalikuwa bahari. Msururu wa visiwa vilivyotapakaa mbele ya Stockholm, maelfu kwa maelfu, vingine vya misitu na vingine mwamba mtupu, ndio uliokuwa pumziko lake la kila mwaka, na humo alisafiri kwa tanga akikaa na wavuvi na wakulima wadogo wadogo.

Huko visiwani, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ndiko alikohudhuria harusi iliyoangukia wakati wa Midsommar. Yaliyomo katika harusi ile hayakuwa ya ajabu: fidla za kijijini, vijana wakicheza, wazee wakinywa kupita kiasi, ugomvi uliozuka ukatulizwa, na wapenzi waliotoroka kelele kwenda kuutazama usiku mweupe. Alfvén aliyahifadhi hayo moyoni kwa zaidi ya miaka 10, akatunga kwanza simfoni mbili na mambo mengine, na harusi ikabaki imelala. Ilipoamka, haikuamka Uswidi.

Kisa chake ni hiki. Mwaka 1902, Alfvén akiwa Taormina katika kisiwa cha Sisilia, alikutana na Marie Krøyer, mchoraji na mke wa mchoraji maarufu wa Denmaki, P. S. Krøyer, aliyekuwa akisumbuliwa na maradhi ya akili. Mapenzi yao yalianza huko, wala hayakuwa ya siri kwa muda mrefu. Krøyer, kwa ukarimu au kwa kukata tamaa, alikubali kijana yule aje Skagen, kijiji cha wavuvi katika ncha ya kaskazini kabisa ya Denmaki ambako wachoraji wengi walikuwa wakikusanyika kwa ajili ya nuru yake. Na huko Skagen, majira ya joto ya mwaka 1903, mgeni katika nchi ya watu na karibu na nyumba ya mume aliyekuwa akimpoteza mkewe, Alfvén aliandika Midsommarvaka, yaani mkesha wa Midsommar, rapsodi yake ya kwanza ya Kiswidi. Muziki ambao taifa zima huuhesabu kuwa ndio roho ya sikukuu yake uliandikwa ng'ambo ya bahari, na mtu aliyekuwa katika matata ambayo muziki wenyewe hauyataji hata kidogo.

Wadenmaki nao wana mkesha wao wa Mtakatifu Yohana, tarehe 23 Juni, lakini hawana mlingoti. Wao huwasha mioto ufukweni, kwa namna ambayo majirani zao Waswidi wa mashariki huwasha mioto ya Valborg. Krøyer alikuwa na picha kubwa ya moto wa namna hiyo katika ufukwe wa Skagen, aliyoimaliza mwaka 1906, miaka mitatu kabla ya kufariki. Umati umezunguka moto. Nyuso za marafiki wa wachoraji wa Skagen zaweza kutambuliwa moja moja. Na kando, karibu na mashua, wamesimama pamoja Marie na Hugo Alfvén. Wakati huo ndoa ya Krøyer ilikuwa imekwisha vunjwa, mwaka 1905, na mtoto wa Marie na Alfvén, Margita, amekwisha zaliwa. Sijui picha nyingine ya sikukuu ambayo ndani yake mchoraji amemtia, kwa mkono wake mwenyewe na bila ya kumharibu sura, mtu aliyemwondolea mkewe. Na mtu huyo ndiye yule aliyeipa sikukuu hiyo hiyo, katika nchi ya jirani, naghma yake isiyosahauliwa.

Na tuigeukie naghma yenyewe. Kazi nzima huchukua kiasi cha dakika 12 au 13. Ala za nyuzi huanza kwa kudonolewa vidole, polepole na kwa mwendo wa mzaha, na juu yake klarineti peke yake huimba mahadhi mepesi ambayo asiyejua hata jina la mtunzi anayajua. Kisha fidla huyapokea, na watu wakaanza kuingia kiwanjani. Halafu basuni, ala nene yenye sauti ya kuchekesha ikitakiwa, huja na hatua za wazee waliokwisha kunywa, na furaha hukua hata ikageuka vurugu. Hapo Alfvén hufanya jambo lililo tofauti na mzaha wote uliotangulia: huwafukuza watu, akabaki na usiku. Zumari nene, ndugu mkubwa wa obo, huimba taratibu mahadhi ya huzuni, kinubi na nyuzi zikiitandikia chini, na kwa dakika kadhaa hakuna sherehe tena, ila wale wawili waliotoroka na mwanga usiozimika. Mwisho alfajiri hufika, ngoma huanza upya kwa kasi iliyozidi ya kwanza, na okestra humaliza kwa kishindo.

Waliomfuata Alfvén katika kutumia mahadhi ya vijiji wengi walikuwa na adabu kubwa mno mbele yake. Yeye aliyashika kwa mkono wa mtu aliyewaona wenye mahadhi hayo wakilewa, wakigombana na kupendana. Kwa hiyo ulevi umo, ugomvi umo na mapenzi yamo, na mlingoti wenyewe, alama kuu ya sikukuu, haumo. Nadhani ndiyo sababu kazi hii haikuzeeka pamoja na picha nyingi za zama zile zilizojaa wakulima wasafi waliovaa mavazi ya rangi na kutabasamu tu. Ilipigwa mara ya kwanza Stockholm tarehe 10 Mei 1904, mtunzi mwenyewe akiiongoza okestra ambayo zamani alikuwa mpiga fidla wake.

Safari zake baada ya hapo ni habari ndefu, nami nitazikata. Mwaka 1920 kundi la baleti la Kiswidi la Rolf de Maré lilipojidhihirisha Paris, miongoni mwa michezo yake ya kwanza ilikuwamo baleti ya usiku wa Mtakatifu Yohana, ya mcheza ngoma Jean Börlin, iliyochezwa juu ya muziki wa Alfvén mbele ya mandhari yaliyochorwa na Nils Dardel. Mwaka 1953 okestra nyepesi za Percy Faith huko Marekani na Mantovani huko Uingereza ziliyachukua mahadhi yale ya klarineti peke yake, zikayauza katika santuri kwa maelfu kwa jina la rapsodi ya Kiswidi, hata yakasikika redioni katika nchi ambazo watu wake hawakujua kama kuna siku iitwayo Midsommar. Umashuhuri huo una hasara yake: waliozisikia santuri hizo walipewa klarineti na wazee walevi, lakini walinyimwa zumari ya usiku, na bila ya zumari ile rapsodi hubaki wimbo wa kutembezea watoto.

Sikukuu ya Valborg ilimjia Alfvén kwa njia ya kazi. Jina lake ni la Walburga, mtawa wa Kiingereza aliyefariki Ujerumani katika karne ya 8 na ambaye kutangazwa kwake kuwa mtakatifu kuliwekewa tarehe 1 Mei. Mioto yake, iliyowashwa zamani kuwatisha wanyama wakali wakati mifugo ilipofunguliwa kwenda malishoni, imebaki katika Uswidi ya mashariki kuwa ya kuagia baridi. Lakini katika mji wa chuo kikuu wa Uppsala mkesha huo ni wa wanafunzi. Saa tisa alasiri huivaa kofia yao nyeupe, mkuu wa chuo akiipungia hadhara ya kwake kutoka roshani ya maktaba ya Carolina Rediviva. Na usiku hupanda kilima cha ngome, penye kengele ya Gunilla, kuyakaribisha majira ya machipuko kwa nyimbo, na wimbo mkubwa kuliko zote ni ule wa Otto Lindblad, wa kwaya ya wanaume, uliotungwa kabla Alfvén hajazaliwa.

Kwa hiyo Alfvén hakuikuta Uppsala kimya. Aliikuta ikiimba, naye akapewa usukani. Kwanza, mwaka 1907, chuo kilipoadhimisha miaka 200 tangu kuzaliwa kwa mwanachuoni wa mimea Linnaeus, aliandika rapsodi yake ya pili, ya Uppsala, akaijenga yote juu ya nyimbo za wanafunzi, na za kileo zikiwamo. Labda alitaka kuwakumbusha maprofesa ujana wao. Mwaka 1910 alifanywa mkuu wa muziki wa chuo hicho, kazi aliyoishika hata 1939, na mwaka huo huo wa 1910 akapewa kuiongoza Orphei Drängar, kwaya ya wanaume iliyoasisiwa mwaka 1853, asiiache hata 1947. Miaka 37 mbele ya kwaya moja ni umri mzima wa kazi. Aliifundisha nidhamu ya okestra, akaipeleka ng'ambo, na akaitengenezea nyimbo za wenyeji kwa sauti nyingi, mojawapo ikiwa ule wimbo wa bustani na maua kutoka kisiwa cha Gotland, alioupanga mwaka 1923, ambao leo huimbwa na kila kwaya ya Uswidi theluji inapoondoka. Kantata alizoandikia sherehe za serikali, za chuo na za Kanisa katika miaka hiyo ni nyingi. Baadhi yake ni za kulipia kodi ya nyumba, nami sioni haja ya kuzihesabu.

Yafaa kusemwa kwamba sikukuu za giza hazikumhitaji. Lucia, ambaye tarehe 13 Desemba huingia alfajiri amevaa nguo nyeupe na taji la mishumaa, huimbiwa mahadhi ya mabaharia wa Napoli, yaliyochapishwa huko Italia katikati ya karne ya 19 kabla Waswidi hawajayatilia maneno yao wenyewe. Na wimbo wa Krismasi ambao kwaya zao huupenda kupita yote ni wa Gustaf Nordqvist, wa mwaka 1921. Hata mwenzake Alfvén, Wilhelm Stenhammar, aliyetaka kuupa msimu wa baridi rapsodi yake, akauandikia Midvinter mwaka 1907, hakupata bahati ya mwenziwe, ijapokuwa kazi hiyo ni nzuri na yastahili kusikilizwa zaidi. Inaelekea masikio ya watu hao, baada ya kuvumilia miezi ya giza kimya kimya, huamka pamoja na jua.

Dalarna ndiko Alfvén alikokwisha, na ndiko alikokuwa mtu wa mahali fulani badala ya msafiri. Tangu mwaka 1904 aliziongoza kwaya za makanisa yanayolizunguka ziwa Siljan, watu wa jembe na shoka, akaendelea nazo hata 1957, miaka 53. Alijenga pamoja na Marie nyumba huko Tällberg, wakaoana mwaka 1912, na ndoa hiyo nayo ikavunjika mwaka 1936, akaoa tena. Rapsodi yake ya tatu, ya 1931, ameipa jina la jimbo hilo, nayo ni ya huzuni na upana kuliko zile mbili: ndani yake hamna harusi wala wanafunzi, mna msichana wa machungani na milima. Alipotimiza miaka 70, mwaka 1942, michango ilikusanywa nchi nzima ili apate nyumba, na mwaka 1945 akahamia katika nyumba hiyo huko Tibble, karibu na Leksand, ambayo leo ni makumbusho.

Leksand yenyewe ni mahali panapojulikana kwa Midsommar kuliko pengine pote. Maelfu kwa maelfu ya watu huja mkesha huo katika bonde lililo kama bakuli karibu na mto. Taji za maua huletwa kwa mashua ndefu za kupiga makasia, ambazo zamani ziliwapeleka watu kanisani. Wapiga fidla hutangulia maandamano. Na mlingoti mrefu huinuliwa kwa mikono, wanaume wakiusukuma kwa miti iliyofungwa mikasi mikasi, hatua kwa hatua, kwa amri ya mtu mmoja, umati ukipiga ukelele kila unapopanda. Hapo, katika kitongoji kilicho jirani na bonde hilo, aliishi mzee aliyeiandika sikukuu akiwa kijana ugenini. Mwaka 1954, ana miaka 82, aliongoza mwenyewe okestra ya Kifalme ikarekodi Midsommarvaka kwa ajili ya santuri, na mwendo anaouchagua humo ni wa haraka kuliko wa viongozi wengi waliokuja baadaye kuitukuza kazi yake kwa kuipunguza kasi. Alifariki Falun tarehe 8 Mei 1960.

Imebaki siku ya tatu, tarehe 6 Juni, ambayo nimeiacha nyuma kwa makusudi, kwa kuwa katika siku hiyo jina la Alfvén husikika zaidi na ufundi wake huonekana kwa uchache zaidi. Waswidi wanayo sababu mbili za kuichagua tarehe hiyo: tarehe 6 Juni 1523 Gustav Vasa alichaguliwa mfalme huko Strängnäs, na tarehe hiyo hiyo mwaka 1809 nchi ilipata katiba mpya. Muungano na Norwei ulipokwisha mwaka 1905, na alama ya muungano ikaondolewa katika bendera, bendera safi ya buluu na manjano ilipata thamani mpya machoni pa watu; na mwaka 1916, Ulaya yote ikiwa vitani na Uswidi imejitenga kando, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza Siku ya Bendera ya Uswidi. Wimbo ulihitajiwa. Mshairi K. G. Ossiannilsson alitoa maneno, Alfvén akatoa mahadhi, na tarehe 6 Juni wimbo wa Bendera ya Uswidi ukaimbwa katika uwanja wa michezo wa Stockholm, ule uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1912.

Ni wimbo wa kishindo, wa mwendo wa kusimama wima, na kwaya ya wanaume wengi ikiuimba chini ya anga wazi huwezi kuupinga. Ukitiwa katika mizani na dakika zile chache za zumari ya usiku, haupandi. Lakini mtunzi hatuchagulii vipi tumkumbuke, na huo ndio wimbo wake ulioshikamana na tarehe katika kalenda kwa namna ambayo hata rapsodi haikuweza.

Tarehe yenyewe ilichelewa. Siku ya Bendera iliendelea miongo mingi kuwa siku ya kazi, watu wakiusikia wimbo wa Alfvén baada ya kutoka kiwandani. Mwaka 1983 ikatambuliwa kuwa siku rasmi ya taifa, bado bila ya mapumziko. Na ni kuanzia mwaka 2005 tu, miaka 89 baada ya uwanja ule kuusikia wimbo kwa mara ya kwanza, ndipo serikali ilipoifanya kuwa siku ya kupumzika, ikalipia gharama yake kwa kuiondoa Jumatatu ya Pentekoste. Wafanyakazi hawakukawia kupiga hesabu: Jumatatu ya Pentekoste haiachi kuwa Jumatatu, ilhali tarehe 6 Juni miaka mingine huangukia Jumamosi au Jumapili.